Mfua Fedha na Ujira Wake



Ndugu zetu Waislamu, katika kazi za mikono zilizosalia katika miji yetu ya pwani iko moja ambayo twaivaa kila siku wala hatuifikirii, nayo ni kazi ya kufua fedha. Mwenye kupita leo katika njia kuu ya mji wa Lamu atawakuta wafua fedha wamekaa na fuawe na nyundo na koleo zao, wakitengeneza pete na vikuku na mikufu. Wengine huchukua vipande vya sahani kongwe za kauri, masalio ya vyombo vilivyoletwa na majahazi, wakavikata na kuvisugua hata vikawa mfano wa kito, kisha wakavipachika juu ya pete. Na pete hizo zajulikana mbali. Tangu mji huo ulipotiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, mwaka 2001, wageni hawakatiki. Mgeni huishika pete ile, akaigeuza huku na huku, akauliza imefanywaje. Sisi wenyewe huuliza neno moja tu: ni gramu ngapi? Kisha twapiga hesabu ya gramu, na chochote kilichozidi juu yake twakiona tumeibiwa.

Ni juu ya hicho kilichozidi tunapotaka kusema leo.

Hicho kilichozidi ni nini? Fedha haiyeyuki illa kwa moto wa daraja 961 za sentigredi. Mfua fedha huiyeyusha, akaimimina katika kalibu, akaitoa pande gumu lisilo sura. Kisha huigonga. Na fedha ina tabia ya ajabu: kila ikigongwa huwa ngumu, na mwenye kuendelea kuigonga bila ya kuipumzisha huiona ikipasuka mkononi mwake. Basi hana budi kuirudisha motoni ikalainika, kisha aigonge tena, kisha airudishe tena, mara nyingi asizozihesabu. Akitaka uzi, huuvuta katika bamba la chuma lenye matundu, kutoka tundu kubwa hata tundu dogo, mpaka uwe mwembamba kama uzi wa mshonaji. Nyuzi hizo huzisokota na kuzipanga ziwe maua na majani, akazilehemu kwa fedha iliyochanganywa na shaba ili iyeyuke mbele kidogo ya ile ya kazi yenyewe. Hapo baina ya kuyeyuka lehemu na kuyeyuka ua pana nafasi ya kupepesa jicho. Akikawia, kazi ya siku mbili inakuwa tone moja la fedha. Hapana kipimo kinachomwambia sasa ondoa moto. Ni jicho lake tu, na jicho hilo alilipata kwa miaka ya kukaa chini ya mwalimu wake.

Basi mtu akisema, "Mbona wanidai zaidi ya uzani?" ajue kuwa ameitaka miaka hiyo ya watu bure.

Tumekuwa na ugonjwa wa zamani katika miji yetu, wa kumwona mwenye kuchafuka mikono kuwa ni mtu wa chini. Mtu huozesha binti yake kwa mwenye kukaa kitako akila kodi ya nyumba ya babu yake, akamkataa fundi anayekula kwa jasho lake. Na wako wanaotafuta hoja katika dini ya kuwadharau masonara, wakaeneza ile hadithi isemayo kuwa waongo wakubwa wa watu ni watia rangi na masonara. Hadithi hiyo imepokewa na Ibn Majah, lakini katika sanadi yake yumo Farqad as-Sabakhi, naye ni dhaifu kwa wajuzi wa hadithi. Si halali kuitia doa kazi nzima ya Waislamu kwa neno ambalo halikuthibiti.

Tizameni badala yake lililothibiti. Imam Bukhari katika kitabu chake cha biashara ameweka mlango mzima juu ya masonara, na ndani yake ameleta khabari mbili. Ya kwanza ni ya Sayyidna Ali, alipotaka kumwoa Bibi Fatima: aliagana na sonara mmoja wa Bani Qaynuqaa waende wakalete majani ya idhkhir, awauzie masonara, apate thamani ya karamu ya arusi yake. Harusi iliyo tukufu kuliko harusi zetu zote ilitazamiwa kusimama kwa soko la masonara. Ya pili ni ya siku Makka ilipofunguliwa. Mtume s.a.w. aliharamisha kukatwa mimea ya Haram, na ami yake Abbas akamwomba aivue idhkhir kwa kuwa ni haja ya masonara na ya nyumba za watu, Mtume akaivua. Imetolewa ruhusa katika ardhi tukufu kuliko zote ili moto wa fundi usizimike. Sijui mwenye kudharau kazi hii atasema nini hapo.

Na Mtume mwenyewe s.a.w. alivaa kazi ya mfua fedha. Alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa hawaisomi barua isiyo na muhuri, akafanyiziwa pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake kwa mistari mitatu. Akaivaa baada yake Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ilipomponyoka katika kisima cha Aris, wakaitafuta siku tatu wasiipate. Na bilauri yake ilipopasuka iliungwa kwa fedha. Na Arfaja bin As'ad aliyekatwa pua vitani alifanyiziwa pua ya fedha. Ilipoharibika na kunuka, Mtume akamwamrisha aifanye ya dhahabu. Hebu fikirini, mtu aliyepoteza uso wake katika vita anarudishiwa na fundi.

Ama kuhusu ujira, hapa ndipo penye khofu. Khabbab bin al-Aratt r.a. alikuwa mhunzi katika Makka. Alimfanyia kazi al-Aas bin Wail, akaenda kudai haki yake. Al-Aas akamwambia hampi mpaka amkanushe Muhammad, Khabbab akakataa, naye al-Aas akafanya mzaha kuwa atamlipa huko atakakofufuliwa, maana huko atakuwa na mali na watoto. Aya za mwisho mwisho wa Sura Maryam ziliteremka kwa ajili ya mzaha huo. Basi mwenye kumwambia fundi "njoo kesho," na kesho akamwambia "njoo baada ya Idi," na achague mwenyewe anafuata mwendo wa nani. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa watu watatu Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshindani wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akamalizia kazi yake, asimpe ujira wake.

Sasa natuingie katika jambo ambalo wengi wetu hulifanya kwa nia njema, nalo ni zito. Bibi huchukua mafurungu ya nyanya yake, tuseme gramu 200, akampelekea mfua fedha, akachukua vikuku vipya vya gramu 150. Zile gramu 50 zilizobaki huambiwa, "Hizo ni kazi yako." Wote wawili huondoka radhi. Lakini fedha kwa fedha haibadilishwi illa sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Ndivyo alivyopokea Ubada bin as-Samit kutoka kwa Mtume s.a.w. katika Sahihi ya Muslim. Na Imam Malik ametaja katika Muwatta kuwa sonara mmoja alimwendea Ibn Umar akamweleza kuwa anafua dhahabu, kisha anaiuza kwa dhahabu iliyozidi uzani wake, na ziyada ile ni kadiri ya kazi ya mkono wake. Ibn Umar akamkataza. Yule akakariri swali lake, na Ibn Umar akakariri katazo lake, wanakwenda hivyo mpaka wakafika mlango wa msikiti. Ni kweli kuwa Ibn al-Qayyim ameona pambo lililofuliwa limetoka katika hukumu ya sarafu likawa kama bidhaa, lakini jumhuri ya wanavyuoni, na madhehebu yetu ya Imam Shafi pamoja nao, hawakukubali hivyo.

Mtu atasema: mmetuambia mkono wa fundi una thamani, kisha mnatuambia si halali kumlipa! Sivyo. Sharia haikusema kazi yake haina thamani. Imesema thamani hiyo isifichwe ndani ya uzani. Itajwe kwa jina lake na ilipwe kwa jina lake. Na njia ni nyepesi. Ukiwa na mafurungu yako, mpe uyafue yawe vikuku, fedha yako ile ile, na umlipe shilingi za kazi yake mlizoagana. Hiyo ni ijara, nayo ni halali bila ya khitilafu. Au muuzie mafurungu kwa shilingi, uzipokee mkononi, kisha ukitaka ununue kwake au kwa mwengine. Twaongeza hapa kuwa Majmaa ya Fiq-hi ya Kiislamu, katika mkutano wa Amman wa mwaka 1986, imekata kuwa noti zina hukumu ya dhahabu na fedha katika riba na zaka. Kwa hivyo kununua fedha kwa deni, au kutanguliza bei ya pete ambayo haijafuliwa, ni mambo ya kuepukwa. Ama ujira wa mkono, ikiwa fedha ni yako, hauna shida hiyo.

Na tazameni hikima iliyomo. Yule bibi wa gramu 50 hakujua alilipa kiasi gani, wala fundi hakujua hasa alipata kiasi gani. Ujira ukitajwa peke yake, mnunuzi ataujua na fundi ataweza kuutetea. Kijana anayetizama kama ajifunze kazi hii au aende kutafuta kuli bandarini ataona kuwa mkono una bei. Twaamini kuwa nusu ya unyonge wa wafua fedha wetu watokana na huku kufichwa ujira wao ndani ya mizani.

Nao mafundi wana deni kwetu. Iko madini nyeupe watu waiitayo fedha ya Kijerumani. Hiyo ni shaba, nikeli na zinki, hamna ndani yake hata chembe ya fedha. Kuiuza kwa jina lake si haramu; kuiuza kwa jina la fedha ni wizi. Fedha iliyopigwa muhuri wa 925 maana yake ni sehemu 925 katika 1,000, na ile riale ya zamani yenye sura ya malkia Maria Theresa na tarehe ya 1780, ambayo wazee walikuwa wakiiyeyusha kufanya mapambo, ilikuwa na sehemu 833 hivi. Basi fundi anayeyeyusha pambo kongwe na amwambie mwenyewe usafi wake, wala asichanganye fedha ya huyu na ya yule. Na bidhaa ya mashine iliyoletwa katika makasha, asiiweke katika sanduku moja na kazi ya mkono wake akanyamaza.

Lililobaki ni lile ambalo hatupasi kumtaka fundi atufanyie. Mapambo ya fedha kwa wanawake ni halali, na pete ya fedha kwa mwanamume ni sunna, maadamu haikupita ada. Ama vyombo ni haramu kwa wote wawili, wanaume na wanawake. Bibi Umm Salama r.a. amepokea kuwa mwenye kunywa katika chombo cha fedha anaumimina tumboni mwake moto wa Jahannam. Na Hudhayfa alipokuwa Madain aliomba maji, akaletewa katika chombo cha fedha, akamtupia nacho aliyemletea, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumkataza.

Watu wetu hudhani katazo hili ni la sahani na bilauri tu. La. Imam Nawawi ametaja wazi chetezo cha kufukizia na chupa ya maji ya waridi. Basi ule mrashi wa fedha unaozungushwa katika harusi zetu, na hata katika majilisi za maulidi, na kile chetezo cha fedha kinachotangulizwa mbele ya bwana harusi, vimo katika katazo. Na kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ni kuwa hata kuviweka kabatini bila ya kuvitumia haifai, na zaka yake ni wajibu, wala si kama pambo la mwanamke. Kilichopakwa fedha kwa juu tu, ambacho kikitiwa motoni haitoki fedha, hicho chaachiliwa. Na mwenye kutaka chetezo kizuri, mafundi wa shaba wapo, na udi haunuki vibaya ndani ya shaba.

Na kama nyumbani kwako upo mrashi wa fedha uliourithi, usiuzike wala usiutupe, kwani mali haiharibiwi. Mchukulie mfua fedha, upimwe mbele yako kabla haujaingia motoni, muagane ujira wa mkono wake kwa shilingi, na awafulie binti zako vikuku.