Wajukuu Zangu, Msirine kwa Moto

Wajukuu zangu wa Tabora, kaeni niwaambie. Nyuki wanatuhama katika misitu yetu ya miombo, na wanaowafukuza ni sisi wenyewe.

Wahenga waliposema fuata nyuki ule asali, walitaka tuwafuate wakiwa hai. Leo kijana akiona nyuki pangoni mwa mti, anauangusha mti mzima, anawasha mwenge wa majani makavu na kuwateketeza. Ndoo moja ataipata. Mwakani akirudi hakuti mti wala nyuki. Na cheche za mwenge huo ndizo zinazozaa moto wa kichaa, msitu ukaungua usiku kucha.

Litazameni sega kabla ya kutia kisu. Asali iliyoiva imezibwa kwa nta nyeupe, hiyo kateni. Mkiona vifuniko vya kahawia, humo mna majana, watoto wa nyuki, ambao huchukua wiki tatu hivi tangu yai hadi kutoka kwenye sega wakiwa nyuki kamili. Msiwaguse, na asali ya akiba muwaachie. Rineni jioni, kwa bomba la moshi na mavazi ya kujikinga. Mizinga tengenezeni ya mbao, maana mti uliochunwa gome pande zote kwa ajili ya mzinga hukauka ukiwa umesimama.

Lakini hata mkiwa na mizinga mia, pasipo maua itabaki mitupu. Miti ya mtundu na muba mnayoikata kwa kuni za kukaushia tumbaku ndiyo malisho ya nyuki. Anayelima tumbaku apande miti ya kuni shambani mwake. Anayepulizia dawa alizeti iliyochanua, asubuhi nyuki wakiwa kazini, anawaua wale wale wanaomchavushia mbegu zijae. Kama hana budi kupuliza, angoje jioni wakisharudi mzingani.

Msitu ulioharibika hurudi. Jirani zetu wa Shinyanga, kuanzia 1986 chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), walifufua ngitili zao, yaani malisho ya akiba: walitenga ardhi, wakazuia mifugo kwa msimu, na miti ikaota upya. Miombo nayo huchipua kutoka kwenye visiki, mradi isichomwe wala kukatwa tena ikiwa michanga.

Basi msiyaache haya yaishie hapa barazani. Mkutano wa kijiji ukiitwa, simameni mwombe eneo litengwe na barabara za kuzuia moto zisafishwe kabla ya kiangazi. Mwiteni Bwana Nyuki wa wilaya aje afundishe shuleni na vilabuni, ili mtoto wa darasa la tatu ajue majana ni nini kabla hajashika mwenge. Atakayeonekana akirina kwa moto, mkanyeni hadharani, hata akiwa ndugu yenu. Msitu huu mliupokea una nyuki. Wakabidhini wanenu ukiwa nao.