Kiatu cha Bingwa Si cha Kila Mguu

Wanangu mnaokimbia alfajiri kutoka Voi kuelekea Mwatate, na ninyi mnaopanda hadi Wundanyi siku za mazoezi magumu, nisikilizeni. Nasema hasa na wewe ambaye kila msimu unaumaliza ukichechemea.

Tangu Eliud Kipchoge amalize umbali wa marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 2019, kila kijana anatamani raba nene yenye bamba la kaboni. Kasi ya viatu hivyo ni ya kweli, hata mwaka 2020 wakuu wa riadha duniani wakaweka mpaka: soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu. Lakini soli nene na laini huyumba kwenye changarawe zetu, na bamba hubadilisha jinsi wayo unavyobeba mzigo. Mwaka 2023 madaktari waliandika habari za wakimbiaji watano walioumia mfupa mdogo wa katikati ya wayo baada ya kuvitumia viatu hivyo. Watano ni wachache, wala hawathibitishi kwamba kosa ni la kiatu. Kwangu wanatosha kumzuia mwenye historia ya kuumia asiwe na pupa.

Jiulize kwanza unaumwa wapi. Kama ni kigimbi au kano ya kisigino, siku ya spidi epuka njumu na raba yenye kisigino kifupi, maana kisigino kikishuka kano huvutwa zaidi, na mlima wa Wundanyi unaivuta vilevile. Kama ni goti, kisigino kirefu mno huliongezea mzigo. Ndiyo maana raba iliyomfaa rafiki yako yaweza kukulaza wewe.

Mitumba siikatazi, wengi wetu ndiyo tunayoimudu. Iweke raba mezani uitazame kwa nyuma: ikiinamia upande mmoja, iache, imeshaumbwa na mwendo wa mwingine. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na imejaa mikunjo, imekwisha, hata kama kwa juu inang'aa. Nunua alasiri, joto la Voi likiwa limeutanua wayo, na ukimbie hatua chache palepale kabla ya kutoa pesa. Kiatu kikibana, usimwamini anayekwambia kitalegea.

Kiatu kipya kianze na mbio za polepole kwa wiki mbili au tatu, ndipo ukijaribu kwa spidi fupi. Usiongeze kilomita katika wiki hizo.

Na maumivu ya mfupa yanayokaa mahali pamoja, ukibonyeza unaruka, usiku yanakuamsha, hayo hayatibiwi kwa kubadilisha raba. Acha kukimbia, nenda Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi, na umweleze daktari mazoezi unayofanya. Ufa mdogo wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kwanza. Ukiambiwa hakuna kitu na bado unaumwa, rudi tena.