Je, Ni Halali Mkristo Kuvua Samaki kwa Mchezo?



Katika baraza la wazee wa usharika, hapa Machochwe, lililetwa shauri ambalo kwanza nalidhani ni dogo. Mzee mmoja, mtu wa kuheshimiwa, alisimama akasema ya kuwa vijana wetu watano au sita, ibada ya Jumapili ikiisha, huchukua ndoana na mishipi, wakapanda pikipiki zao mpaka mto Mara, na huko hukaa hata jua kushuka. "Baba Mchungaji," akasema, "kama wangalikwenda kwa sababu ya njaa, nisingalifungua kinywa changu. Lakini makwao ugali upo na mboga ipo. Wanakwenda kucheza. Na mto ule una mamba. Naomba waonywe mbele ya usharika wote."

Wazee wengine walimwunga mkono. Wengine walitabasamu wakasema ni mambo ya ujana, yatapita. Mimi sikukata shauri siku ile. Naliwaomba wanipe muda hata kikao kijacho, maana swali hili lilikuwa limekwisha kunisumbua moyoni tangu mwaka uliotangulia, na aliyelianzisha hakuwa kijana wa Machochwe, bali mzee wa kizungu.

Mzee huyo alikuwa mgeni wetu, Mlutheri kutoka Minnesota katika Marekani, nchi ambayo Walutheri ni wengi kwa kuwa baba zao walihamia huko kutoka Uswidi, Norwe na Ujerumani. Jioni moja, tukiisha kula, alitueleza jinsi watu wa kwao wavuavyo samaki wakati wa baridi. Huko maziwa huganda juu. Lakini hayagandi yote, kwa maana barafu ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea. Chini yake maji hukaa na joto la nyuzi kama 4, na samaki huishi humo kwa utulivu. Nalitafakari jambo hili usiku ule: kama Muumba angalifanya barafu iwe nzito kuliko maji, maziwa ya kaskazini yangaliganda kuanzia chini, na samaki wangalipona wapi?

Barafu ikipata unene wa sentimita 10, mtu huweza kutembea juu yake. Ikiwa nene mara tatu hivyo, hata gari hupita. Hata hivyo wenyewe husema hakuna barafu ya kuaminiwa kabisa, na wako waliozama. Mvuvi hutoboa tundu kwa keekee kubwa, tundu lenye upana wa sahani, akasimamisha kibanda juu yake, akawasha jiko ndani, akaketi juu ya ndoo, na ufito wake wa kuvulia ni mfupi kama mkono. Hapo hungoja. Kuna samaki wadogo ambao watu wa huko huwaita samaki wa kikaango, kwa kuwa mmoja hutosha ndani ya kikaango bila kukatwa. Tena kuna samaki mkubwa zaidi, mwenye sifa, aitwaye wolai, ambaye macho yake hung'aa gizani kama ya paka, naye huwinda jua lipungukapo; kwa hiyo mvuvi hungoja magharibi. Mwaka 1965 wolai alifanywa kwa sheria kuwa samaki wa jimbo la Minnesota.

Mwinjilisti wetu alisikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza, "Babu, huko mna njaa?"

Mgeni akacheka. "La, maduka yamejaa chakula."

"Basi mnawauza?"

"La, sheria inatukataza kuuza."

"Basi mnawafanyia nini?"

Akasema, "Wengine tunawala. Wengine tunawarudisha tunduni waende zao."

Mwinjilisti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, kama ulikuwa humtaki, ulimwita kwa nini?"

Sote tulicheka, na mgeni pia. Lakini baada ya kicheko alikaa kimya, akatazama taa, wala hakujibu usiku ule.

Ndugu zangu, msidhani swali hili ni geni katika Kanisa letu. Mwaka 1521, Martin Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, alichukuliwa siku mbili kwenda kuwinda pamoja na wakuu wa huko. Alimwandikia rafiki yake Spalatin habari za mawindo hayo. Sungura mmoja mdogo alikamatwa akiwa hai, na Luther kwa huruma akamfunga katika mkono wa joho lake, akamwacha hapo, akaenda mbele kidogo. Mbwa walimgundua, wakamvunja mguu juu ya nguo ile, wakamwua. Luther alihuzunika, akaona katika jambo hilo mfano wa Shetani aziwindavyo roho ambazo zimekwisha kuokolewa. Sifa kubwa kwa wale waliostarehe kwa kuwinda hakuwapa.

Nami nina jambo la kukiri. Nilipokuwa mtoto nalikwenda lamboni pamoja na wenzangu, tukavua visamaki visivyofika urefu wa kidole. Hatukuvipeleka nyumbani, maana tungaliona haya. Tulivitupa penye nyasi, tukashindana ni kipi kitaruka mara nyingi zaidi kabla ya kufa. Hakuna aliyetuonya, wala sidhani kama kuna aliyejua. Lakini tangu niliposoma katika Mithali 12, mstari wa 10, kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake, nimeviona visamaki vile mara nyingi.

Je, basi tuseme furaha ndiyo dhambi? Sithubutu. Katika Zaburi ya 104 imeandikwa ya kuwa Mungu alimwumba yule mnyama mkubwa wa baharini acheze humo. Ikiwa Mungu huumba kiumbe kwa ajili ya mchezo, mimi ni nani nimkataze mtu anayefurahi kando ya maji baada ya kazi za juma zima? Tena Petro alipotumwa na Bwana kutupa ndoana baharini, alitafuta fedha ya kodi ya hekalu, hakuwa na njaa ya samaki. Wala hatusomi ya kuwa mfalme au mwindaji hukemewa kwa kuwinda kwake. Anayekemewa, katika mlango uo huo wa 12 wa Mithali, mstari wa 27, ni yule mvivu aliyepata mawindo asiyapike.

Hapo ndipo nilipoanza kuona njia. Mzee wetu barazani aliwaza kuwa mwenye njaa huwa safi na anayecheza huwa mkosaji. Lakini njaa nayo imeharibu mengi. Samaki aitwaye ningu hupanda mito ya Ziwa Victoria wakati wa mafuriko ili atage mayai; katika karne ya 20 watu waliweka nyavu kwenye midomo ya mito, wakawanasa kabla hawajataga, na ningu wakapungua sana. Wengine walitia sumu majini, hata mwaka 1999 nchi za Ulaya zikakataa kwa muda kununua samaki wa ziwa letu. Waliofanya hayo walisema wanatafuta riziki. Riziki ni udhuru. Mungu aujua uzito wake. Bali anayecheza hana udhuru huo. Kwa hiyo, naona, anayevua kwa mchezo hana budi kuwa mwangalifu kuliko anayevua kwa njaa, naye aulize kwanza: mchezo wangu unalipwa na nani?

Tazameni habari za sangara. Samaki huyu hakuwako katika Ziwa Victoria zamani. Katika miaka ya 1950 alitiwa humo wakati wa serikali ya Waingereza, huko Uganda. Wako waliosema atageuza samaki wadogo wasio na bei kuwa nyama nyingi. Lakini wako pia waliomtaka kwa kuwa ni mkubwa, mwenye nguvu, apiganaye na mshipi, na mabwana wangepata mchezo mzuri. Wataalamu wengine walionya. Hawakusikilizwa. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa na madhara; kisha katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, na furu, wale samaki wadogo wa aina mamia, wakaliwa, hata aina nyingi hazijaonekana tena. Sitaki kusema uongo: sangara amewapa watu wengi kazi, na nyumba nyingi za Musoma na Mwanza zimejengwa kwa fedha yake. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na maskini wa pwani ya ziwa wakabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, wakikaanga yaliyoachwa. Waliotamani mchezo walikwisha kurudi kwao zamani. Bibi aliyezoea kununua furu kwa senti chache hakuulizwa neno.

Na tusidhani mambo hayo ni ya Afrika tu. Mgeni wetu mwenyewe alitueleza, na naliona ilikuwa vigumu kwake. Kwao kuna ziwa kubwa liitwalo Mille Lacs, lenye sifa kwa wolai. Wenyeji wa kwanza wa nchi ile, watu wa Ojibwe, walipotoa ardhi yao kwa mkataba wa mwaka 1837, waliahidiwa kwamba wataendelea kuwinda na kuvua. Baadaye serikali ya jimbo iliwanyima. Walipodai haki yao, wavuvi wengi wa mchezo walikasirika, wakasema wolai watakwisha na starehe yao itaharibika. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1999 wenyeji wakashinda. "Mimi nami nalikasirika siku zile," akasema mgeni. "Naliwaza samaki ni wangu kwa sababu nawapenda." Sijasahau neno hilo. Kukipenda kitu na kukimiliki ni mambo mawili, na nabii Nathani alikwisha kumfundisha Daudi habari za mwana-kondoo wa mtu maskini. Basi naona jambo hili laangukia Amri ya Saba zaidi ya Amri ya Tano, ijapokuwa wengi wetu tunapolizungumza twawaza habari za kuua tu.

Sisi wa Machochwe twaijua habari hii kwa upande mwingine. Hifadhi ya Serengeti, iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ipo jirani nasi, na mtu wetu akiingia humo na ndoana hushikwa. Lakini katika kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, mgeni mwenye kibali huruhusiwa kuvua sangara kwa kujiburudisha. Sisemi sheria ni mbaya. Bila hifadhi, wanyama hawa wangalikuwa wapi leo? Nasema tu kwamba yule mgeni katika mashua, anaposhangilia samaki wake, afahamu ya kuwa ng'ambo kuna mtu aliyekatazwa samaki yule yule kwa chakula cha watoto wake.

Limebaki swali la mwinjilisti. Yako mambo mawili hapa, wala yasichanganywe. Kumrudisha samaki mdogo ili akue na kuzaa, hiyo ni busara, na huko Minnesota kwa samaki wengine ni sheria. Lakini kuvuta na kuachilia, kuvuta na kuachilia, mpaka mikono ichoke, ni jambo jingine. Samaki aliyevutwa upesi kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa hufura ndani yake. Ukimwachilia huenda asiweze kushuka tena, akafa chini ya barafu pasipo wewe kumwona. Aliyemrudisha aenda nyumbani akijiona mwenye huruma. Mimi nadhani afadhali yule wa kikaango.

Nalimwandikia mgeni wetu mawazo hayo. Alijibu kwa barua ndefu, nami nitataja jambo moja tu. Alisema bado anakwenda ziwani. Lakini akipata samaki wanaotosha chakula cha jioni, yeye na jirani yake mjane, hupandisha mshipi na kuuweka kando, akaendelea kuketi karibu na jiko lake mpaka magharibi. Mara ya kwanza, alisema, hakujua la kufanya na mikono yake.

Katika kikao kilichofuata naliwaambia wazee hayo niliyoyaandika hapa. Tulishauriana muda mrefu. Vijana hawakuonywa mbele ya usharika. Waliitwa faraghani, wakaambiwa wasiingie majini wala wasikae penye njia ya mamba, maana uhai wao si mali yao ya kuchezea. Wasivuke mpaka wa hifadhi. Na lolote wanalolipata liliwe, na kabla halijaliwa makwao wapite nyumbani kwa wajane wawili tuliowataja kwa majina. Walikubali, ijapokuwa mmoja alinung'unika kwamba sasa mchezo umekuwa kazi.

Mzee aliyeleta shauri hakuridhika. Alisema mtu hawezi kuhukumu jambo asiloliona, na Jumapili ile ile alipanda nyuma ya pikipiki ya mjukuu wake, fimbo mkononi, akaenda nao mtoni ili aone mwenyewe. Walirudi giza likiingia. Mzee alikuwa ameshika kambare mmoja kwa uzi, akapita mbele ya nyumba yangu akielekea kwa mjane wa kwanza. Alinisalimu, nami nikamwitikia. Sijamwuliza neno, naye hajasema.