Ya Kale Yakinuka Petroli

Mwenye Ford Mustang ya mwaka 1965 hasumbuki sana kupata spea za mfumo wa mafuta. Gari hilo lilizinduliwa Aprili 1964, likanunuliwa kwa mamia ya maelfu, na hadi leo Marekani kuna maduka yanayoishi kwa kuuza vipuri vyake. Tangi, pampu, kabureta, mabomba: vyote vipo. Kazi ni kuchagua. Pampu ya mafuta, kwa mfano, hupatikana kwa namna tatu: iliyotengenezwa enzi zile ikakaa ghalani bila kutumika, ya zamani iliyofunguliwa na fundi ikatiwa raba mpya, na iliyotengenezwa juzi kwa kuiga sura ya ile ya kwanza. Ipi ndiyo orijino?

Wakusanyaji wengi wa magari ya kale watajibu: ile ya ghalani. Boksi lake lipo, alama za kiwandani zipo, na bei yake inasema hivyo hivyo. Lakini mtu akiuliza Kariakoo kama spea ni orijino, haulizi umri wake. Anauliza kama itadumu, kama haitamwacha njiani. Neno ni moja, maswali ni mawili, na katika pampu hii maswali hayo yanagombana.

Pampu ya Mustang hiyo haitumii umeme. Ndani yake mna kiwambo cha raba kinachochezeshwa na mkono unaosukumwa na mzunguko wa injini. Kikivutwa na kurudi, petroli hutoka tangini ikaenda kwenye kabureta. Raba hiyo ilichaguliwa kwa petroli ya wakati ule, yenye madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani kuanzia mwaka 1996, na sasa sehemu kubwa ya petroli inayouzwa huko ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli huvuta unyevu, hukaribisha kutu, na huharibu raba za kale, ambazo hata bila hiyo zimeshakauka kwa umri. Kiwambo kikipasuka, petroli huvujia nje karibu na injini ya moto, au huingia kwenye oili.

Kwa hiyo pampu iliyobaki kama ilivyozaliwa ndiyo isiyoweza tena kufanya kazi iliyozaliwa kuifanya. Yenyewe haikubadilika; dunia ndiyo iliyosonga. Ile iliyotiwa raba ya kisasa imepoteza sehemu ya mwili wake, lakini imeilinda kazi yake.

Wanafalsafa wana mfano wa merikebu ya Theseus, uliosimuliwa na Plutarch: mbao zilizooza zilibadilishwa moja baada ya nyingine, hadi watu wakabishana kama merikebu bado ni ile ile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akauliza zaidi: mtu akizikusanya zile mbao kuukuu akaziunganisha upya, ipi kati ya hizo mbili ndiyo merikebu ya Theseus? Ni mfano mzuri, lakini naona una pengo. Wanaobishana juu yake huuliza merikebu ni ipi; ni nadra kuuliza nani amepanda.

Gari lina abiria. Katika Mustang hii, sehemu ya juu ya tangi la lita 60 hivi ndiyo sakafu ya buti, na kati ya buti na kiti cha nyuma hakuna ukuta wa chuma. Likigongwa vibaya kwa nyuma, petroli inaweza kumfikia aliyekaa huko. Wapo wamiliki wanaoongeza bamba la chuma. Anayekataa kwa sababu kiwanda hakikuliweka hujiona mwaminifu. Mwaminifu kwa nani? Mtoto aliyepakiwa nyuma hakuambiwa kwamba yeye ndiye atakayeulipia uaminifu huo.

Mtu atapinga: ukianza hivyo utabadilisha breki, usukani, injini, na mwishowe utabaki na gari jipya lililovaa sura ya babu yake. Pingamizi hilo lina uzito. Sisemi kila kigumu kiondolewe. Usukani mzito, kabureta inayogoma asubuhi ya baridi, kelele njia nzima: hayo ni mateso ambayo mwenye gari ameyachagua, na abiria anayaona kabla hajapanda. Mpira unaooza chini ya boneti hauonekani. Mpaka wangu uko hapo: una haki ya kujihatarisha kwa ajili ya kumbukumbu, huna haki ya kumhatarisha mwingine kimyakimya.

Makumbusho ni habari nyingine. Mustang yenye namba ya kwanza ya mfululizo imehifadhiwa katika makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan. Haimpeleki mtu popote. Raba zake ni nyaraka, na nyaraka hazifutwi.

Unabaki uaminifu kwa mnunuzi ajaye. Spea nyingine za kuiga hupigwa hadi alama za zamani, na kuzifunga si kosa. Kosa ni kunyamaza siku ya kuuza. Mwenye gari atie raba inayohimili ethanoli, aandike alichobadilisha na lini, kisha pampu ya ghalani aiweke kwenye boksi lake na kuikabidhi pamoja na ufunguo. Hapo historia haijapotea, na hakuna aliyeunguzwa kwa ajili yake.

Waswahili husema ya kale hayanuki. Mara nyingi ni kweli. Lakini ukikaa ndani ya gari la kale ukasikia harufu ya petroli, usiivute kama manukato ya zamani. Zima injini, shusha watu, kisha fungua boneti.