Hakuna Anayekula Wastani

Utabiri wa masika ukisomwa redioni, mkulima wa Handeni hutegea neno moja: wastani. Akiambiwa mvua zitakuwa za wastani, roho yake hutulia. Lakini ni wastani wa lini? Mamlaka za hali ya hewa duniani hupima kawaida kwa miaka 30, na kila muongo kipindi hicho husogezwa mbele. Sasa ni 1991 hadi 2020. Kawaida nayo inahama, basi. Mwaka ambao babu aliuita balaa, mjukuu huenda akauona wa kawaida tu.

Tena wastani unaficha mengi. Shamba likipata milimita 400 kwa msimu, daftari la vipimo halina malalamiko. Ila kama sehemu kubwa ilimwagika kwa siku chache, kisha jua likawaka wiki tatu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, magunzi yatabaki na punje za kuhesabika. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7: ikinyesha, hunyesha kwa fujo, isiponyesha, huunyonya udongo. Vipimo vya dunia vya 1979 hadi 2010 vilionyesha tofauti kati ya majira ya mvua na ya kiangazi ikipanuka.

Kwetu mambo ni magumu zaidi kusoma. Masika yalipungua tangu miaka ya 1980, ilhali kompyuta za wataalamu zilitabiri yataongezeka. Halafu yakaja ya 2018, 2020 na 2024, maji hadi madirishani.

Wazee husema mvua ya zamani ilikuwa na adabu. Siwakubalii moja kwa moja. Vuli ya 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, ilifurika hadi Ziwa Viktoria likapanda vibaya. Adabu gani hiyo? Hata hivyo, nadhani wanalolilia ni jingine. Baba alimwachia mwanawe shamba pamoja na elimu ya kujua lini alipande, na ile elimu ilikuwa nusu ya urithi. Leo kijana akipanda na mvua ya kwanza, jua laweza kurudi likaiunguza miche. Akingoja, msimu waweza kumponyoka. Shamba bado ni lake, ila ile nusu nyingine lazima aitafute upya, kwa mbegu yake mwenyewe.