Je, Mate ya Mtu Yaweza Kutaja Ukoo Wake?

Siku hizi mtu aweza kutema mate katika kichupa, akakifunga, akakipeleka kwa posta mpaka ng'ambo. Na baada ya majuma kadha hupata hesabu ya asili yake. Huambiwa ya kuwa katika sehemu mia, hizi zatoka Afrika ya Mashariki, hizi Uajemi, hizi Uhindi. Tena wako waendao mbali zaidi, wakailinganisha hesabu hiyo na mifupa ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita, wapate kujua wazee wao wa kale kabisa. Kijana akiisha kuisoma karatasi ile husema, "Sasa najua mimi ni nani." Neno hilo ndilo tutakalo kulipima.

Kwanza hatuna budi kuieleza kazi yenyewe, maana wengi hudhani ya kuwa damu hunena kama shahidi barazani. Haineni. Ndani ya mwili mna vinasaba, ndiyo DNA, mfano wa maandishi marefu sana, herufi kama bilioni tatu kutoka kwa baba na kiasi hicho kutoka kwa mama. Wapimaji hawa wa posta hawasomi zote. Kwa desturi husoma mahali laki kadha ambapo watu hutofautiana. Kisha mashine huwatazama watu wengine waliokwisha kupimwa, wazima na wafu, ikauliza: Mchanganyiko gani wa hawa ungefanana na huyu? Basi jibu lategemea waliotiwa kapuni. Mwenye duka aliye na mawe matatu tu ya mizani atapima kila kitu kwa mawe hayo matatu, wala mnunuzi hataambiwa ya kuwa jiwe la nne halikuwapo. Nayo mifupa ya kale iliyopimwa Ulaya ni mingi, ya Afrika ni michache, kwa kuwa joto huviharibu vinasaba, tena kwa kuwa wachimbaji wengi walianza kwao.

Hata wenye elimu hujikwaa. Mwaka 2015 walitangaza habari za mtu aliyekufa yapata miaka 4,500 iliyopita, ambaye mifupa yake ilionekana katika pango la Mota, Uhabeshi. Wakaongeza ya kuwa damu ya watu waliorudi kutoka Asia ilikuwa imeenea Afrika nzima. Mwaka 2016 wakaandika wenyewe ya kuwa programu zao mbili za hesabu hazikupatana, na neno lile la Afrika nzima halikuwa kweli. Twawasifu kwa kusema wazi. Na hao wauzao vipimo hubadili hesabu zao kila waongezapo watu kapuni. Mtu hulala ana babu Mhindi, akaamka hana.

Lakini tuseme hesabu ni sahihi kabisa. Je, swali la kijana limejibiwa? Kila mtu ana wazazi wawili, na babu na bibi wanne. Akirudi vizazi 10 apata nafasi 1,024, akirudi vizazi 20 zapita milioni. Katika hao wa mbali, wengi hawakumwachia hata herufi moja. Mate hayawezi kuwataja, nao ni wazee wake vilevile. Basi yeye asemaye, "Mimi ni mtu wa kabila fulani la kale," amewaacha maelfu akashika mmoja.

Tutazame Pwani yetu. Hadithi za Kilwa, zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, zasimulia majahazi saba yaliyotoka Shirazi, ya baba na wanawe sita. Wataalamu walibishana sana: wengine walisema miji ile ya mawe ni kazi ya wageni, wengine wakasema Ushirazi ni majivuno matupu. Machi 2023 zilitangazwa habari za mifupa ya watu 80 iliyochimbwa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na mahali pengine. Ilionekana ya kuwa watu walianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Ya kuwa katika wengi zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka Afrika, hasa kwa akina mama. Na ya kuwa sehemu ya Asia ililetwa hasa na wanaume wa Uajemi. Haya yajulikana kwa kuwa kromosomu ya Y hushuka kwa baba hata kwa mwanawe wa kiume, na sehemu nyingine ndogo hushuka kwa mama peke yake. Basi hadithi haikuwa uongo. Ila ilihesabu majahazi, isiwahesabu wanawake waliokuwako ufukoni. Nao ndio waliowapa watoto lugha, maana Kiswahili ni lugha ya Kibantu, si ya Kiajemi.

Watoto wale walipojiita Washirazi, je, walisema uongo? Sisi twasema, la, lakini walichagua. Damu haikuwachagulia. Mtu akimchagua babu mmoja ili akae juu ya jirani yake, na amjibu jirani kwa kitendo hicho, asisingizie mwili wake. Vivyo hivyo amchaguliaye jirani yake babu ili amdhuru. Unguja, Januari 1964, watu wengi waliuawa kwa kuwa walihesabiwa Waarabu, na miongoni mwao walikuwamo ambao mama zao na bibi zao walikuwa Waafrika. Hakuna kipimo kilichotakiwa siku ile, wala kipimo kisingewaokoa.

Yamkini mtu atatuuliza, Je, wale wa Marekani waliotoka katika uzao wa watumwa? Kabla ya hesabu ya watu ya mwaka 1870 wazee wao wengi hawakuandikwa kwa majina, ila kwa umri, jinsi na rangi tu, kama mali ya bwana. Kwa hao karatasi ile ni jambo jingine. Wao hawakuacha babu wakachagua babu, walinyang'anywa wote. Atakayewacheka kwa kutafuta hata sehemu tano katika mia, hatukubaliani naye.

Liko neno jingine ambalo mwenye kichupa halikumbuki. Mate si yake peke yake. Ni habari za dada yake na binamu zake. Mwaka 2023 wezi waliingia katika akaunti kama 14,000 za kampuni ya 23andMe, na kwa kufuata nyuzi za ujamaa wakafikia habari za watu kama milioni 6.9. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa na madeni, na habari za wateja zikawa miongoni mwa mali ya kuuzwa. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, alikaa na watu wa Pwani miaka mingi, akapata idhini yao kabla ya kuyafungua makaburi, kisha akaizika tena mifupa. Ndugu msomaji, wewe ukitaka kupeleka kichupa chako, umewauliza nani nyumbani?