Sauti ya Nani, Jina la Nani?

Novemba 1962, "He's a Rebel" ilishika namba moja Marekani. Santuri iliandikwa The Crystals, mabinti wa New York. Kumbe walioimba ni Darlene Love na wenzake wa The Blossoms, kule Los Angeles. Prodyuza Phil Spector ndiye aliyeamua jina.

Wapo watakaosema: si alilipwa? Sawa, alilipwa. Lakini malipo yalikuwa ya kazi ya kuimba. Hayakumfanya mwingine kuwa ndiye aliyeimba. Na The Crystals nao walidhulumiwa: walipewa sifa wasiyoiomba, kisha wakatakiwa kuithibitisha jukwaani.

Tukishajua hayo, wimbo haupotezi utamu. Ila tukiucheza, tumtaje mwenye sauti. Hilo halitugharimu kitu.